Abiria Nisiyeweza Kumkataa

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, panda tu. Gari halijafika mbali.

Mimi ni dereva wa teksi yenye leseni, mstari wa njano ubavuni na namba mlangoni. Kituoni wananiita Kimya, kwa sababu naongea kwa sauti ya chini, na mtu wa sauti ya chini hudhaniwa hana la kusema.

Nilieleza jinsi kampuni ya programu ya simu ilivyoingia mjini kwetu na magari yasiyo na mstari, yasiyo na mita, yasiyokaguliwa na mtu. Abiria anabonyeza simu, gari hilo mlangoni. Nilieleza pia kuhusu muswada ulioko mbele ya Kamati ya Usafiri. Ama na wao watakaguliwa na kupewa leseni kama sisi, ama wataachwa walivyo na sisi tutazikwa tunaona.

Tukapanga. Badala ya kugoma, kama kila mtu alivyotarajia, tungechukua siku nzima kubeba wagonjwa bure kutoka lango la hospitali kuu hadi majumbani kwao. Wananchi wangetuona. Waandishi wangetuandika. Wakubwa wa Kamati wangeona haya kututupa. Ilikuwa siri yetu ya kituo.

Asubuhi ya siku hiyo tulikuta magari ya programu yamejipanga langoni, yamefungwa maputo, na bango refu kuliko ukuta wenyewe: WAGONJWA WOTE LEO BURE. Sisi tuliofika nyuma tukaonekana waigaji. Gazeti moja likaandika kwamba teksi sasa zinaiga hata wema.

Hapo ndipo nilipowaacha. Siri ilikuwa imetoka, na kituo kizima kilitaka kujua imetokea mdomo gani.

Chama chetu kina sheria ya zamani kuliko magari yetu. Atakayebainika kukiuza kituo, namba yake ya mlangoni inapakwa rangi nyeusi. Bila namba huna kituo, na bila kituo leseni haihuishwi. Unarudi nyumbani na gari ambalo haliwezi tena kukulisha.

Na aliyekuwa anatazamwa ni Mzee Breki.

Jina hilo alipewa kwa sababu hukanyaga breki hata kwa kuku aliyeko ng'ambo ya pili ya barabara. Ameendesha tangu wengi wetu hatujaota ndevu, na hajawahi kumgonga mtu. Ana doa moja tu. Mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye mke wake, anaendesha gari la programu, na wanakaa kiwanja kimoja.

"Mimi simtuhumu mtu," alisema Redio, dereva ambaye jina lake linajieleza. "Nauliza tu. Ukiwa unalala nyumba moja na fisi, mbuzi akipotea, utaulizwa wewe au hutaulizwa?"

"Mwanangu si fisi," alisema Mzee Breki.

"Sijamtaja mtu, mzee wangu. Nimemtaja fisi."

Watu wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha ndani yake. Mzee Breki akaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Mwenyekiti akapiga boneti kwa kiganja. Mwenyekiti wetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mnene mwenye haraka, anayejua muswada ule kifungu kwa kifungu kama mtu anavyojua njia ya kwao.

"Basi! Hatumhukumu mtu kwa kicheko. Jumamosi tunakaa kikao, Jumatatu tunaingia mbele ya Kamati. Siwezi kuingia mle ndani na msaliti mgongoni. Nataka mtu achunguze. Mtu mtaratibu, asiye na maneno mengi."

Nilitazama viatu vyangu. Ndivyo nilivyochaguliwa.

"Kimya huyo!"

"Anafaa! Huyo hata ukimkanyaga anakuomba radhi!"

Nilikubali kwa moyo mweupe. Naomba mniamini. Sikujua kwamba kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani.

Darasani sikukaa sana. Nilichonacho nimekiokota njiani. Ufundi wa gari nilijifunza kwa kufungua kitu kimoja, kukitazama, na kukirudisha mahali pake kabla sijafungua kingine. Nikachunguza vivyo hivyo. Nilimwendea dereva mmoja mmoja na swali moja: ulimwambia nani?

Kila mtu alikuwa amemwambia mkewe, na kila mke alikuwa ameapishwa.

"Mke na nani mwingine?" nilimuuliza Redio.

"Basi, mke tu. Na kinyozi."

"Kinyozi?"

"Kinyozi hahesabiki, bwana. Utakaaje kwenye kile kiti mdomo umefungwa? Utaonekana una kiburi."

"Na abiria?"

"Abiria ni upepo, Kimya. Anaingia dirisha hili, anatokea lile. Nani anamwogopa abiria?"

Nikacheka. Niliona amesema kweli.

Nilikuwa bado natabasamu mlango wa nyuma ulipofunguliwa na abiria wangu wa kila wiki akaketi.

Kituoni tulimwita Asante. Alishukuru kwa kila kitu. Umemfungulia mlango, asante. Umepandisha kioo, asante. Hata taa nyekundu ikiwaka aliishukuru. Mtu msafi, mpole, mwenye mkoba mwembamba, aliyenichagua mimi hata nikiwa wa mwisho mstarini. Nilimpeleka kwenye nyumba za wakubwa, akakaa kidogo, akatoka anatabasamu. Njiani aliongea na simu. "Kifungu kile kikiondoka, tumemaliza." "Mheshimiwa amelainika, tumpe nafasi apumue." Nilimdhania mtu wa bima.

Sikumsimulia mtu yeyote maneno hayo. Sisi tuliolelewa na teksi tuna amri moja isiyoandikwa popote: ya garini hubaki garini. Nimebeba ndoa zikivunjika kiti cha nyuma, na kesho yake nimewasalimia wahusika kama sijui kitu.

"Habari za kazi, ndugu dereva?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Asante. Leo unipeleke kwa Mheshimiwa yule wa geti jeupe. Asante."

Tukaingia kwenye foleni ya magari, ile ya barabara kubwa isiyosogea. Joto likajaa. Asante akalegeza tai.

"Halafu nilisahau kukushukuru," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Lile wazo la hospitali lilikuwa zuri mno."

Nilidhani anatupongeza.

"Asante wewe," nikasema. "Ila wenzetu wa programu walituwahi."

"Nilijua mngeudhika. Lakini ndiyo kazi."

"Kazi ya bima?"

Akacheka taratibu, bila dharau. "Nani kakwambia mimi mtu wa bima? Mimi mshawishi, ndugu yangu. Kampuni ya programu inanilipa niongee na wakubwa, niwaeleweshe, nao wauelewe muswada tunavyouelewa sisi."

Mguu wangu ukaenda kwenye breki, na gari lilikuwa limeshasimama.

"Nani alikwambia kuhusu hospitali?" niliuliza. Sauti ilikuwa yangu, lakini ilitoka mbali.

"Wewe."

"Mimi?"

"Hapa hapa, kwenye foleni hii. Nilikuuliza mnagoma lini. Ukasema hamgomi, mna jambo zuri kuliko kugoma. Nikasema, jambo gani hilo? Ukanieleza mpaka lango mtakaloanzia."

Nikakumbuka.

Nikakumbuka na joto la siku ile, na jinsi alivyoweka simu pembeni ili anisikilize. Sijawaambia jambo moja, na leo inabidi nilitoe. Wazo la hospitali lilikuwa langu. Nilimnong'oneza shemeji, yeye akalitangaza kituoni kwa sauti yake kubwa, watu wakampigia makofi yeye. Sikukasirika. Nimezoea. Lakini siku ile mtu aliketi nyuma yangu akaniuliza, akangoja nijibu, na nilipomaliza akasema, "Hilo ni wazo la mtu mwenye akili."

Nilimpa siri ya kituo kizima kwa sababu alinisikiliza.

"Mna magari yenu mengi," nilisema. "Kwa nini unapanda teksi?"

"Programu inakumbuka, ndugu yangu. Nilipandia wapi, nilishukia kwa nani, nilikaa muda gani. Siku moja mtu atauliza mshawishi wa kampuni alifuata nini nyumbani kwa mjumbe wa Kamati. Teksi yako haina kumbukumbu."

"Ina dereva."

"Dereva wa zamani. Ya garini hubaki garini. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?" Akainama mbele kidogo. "Sasa niambie. Jumatatu mwenyekiti wenu atawaambia nini wale wakubwa?"

"Shuka."

"Hatujafika."

"Shuka, bwana. Sikubebi."

Hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye kibandiko cha Idara ya Leseni, kile kilichobandikwa juu ya mita ya kila teksi halali: DEREVA HARUHUSIWI KUMKATAA ABIRIA ALIYE TAYARI KULIPA NAULI.

"Si ndiyo fahari yenu hiyo?" aliuliza. "Mmeiandikia Kamati: sisi tuna sheria, wao hawana. Nikishuka hapa itabidi nikushitaki, na sipendi kumshitaki mtu mwema."

Foleni ikasogea. Nikaendesha.

"Mimi sikutishi," aliendelea. "Jumatatu na mimi nitaongea. Nilikuwa nimepanga kusema kampuni yetu inawasikiliza hata madereva wa teksi, na kwamba wazo la hospitali lilitoka kwao. Ni sifa kwenu. Wakiniuliza dereva gani, jina lako sijawahi kukuuliza. Namba ya mlangoni naijua. Lakini nikiwa na jambo jipya la kuzungumza, hilo la hospitali litakuwa halina haja tena. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimshusha geti jeupe, nikamfungulia mlango kwa mazoea.

"Asante," alisema.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anapiga pasi. Nilikaa kwenye kigoda, nikasimama, nikakaa tena.

"Una nini?" aliuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Nina jambo. Kuna mtu..."

Pasi ikasimama hewani. "Kuna mtu. Anaitwa nani?"

"Jina silijui. Ni abiria."

"Abiria! Nilijua. Siku zote nilijua itakuwa abiria. Anakaa mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Kwa kuanzia. Mzuri?"

"Mke wangu, ni mwanamume."

Alinitazama kwa muda mrefu. Akaiweka pasi chini kwa uangalifu mkubwa.

"Hebu anza upya," alisema.

Nikaanza upya. Nilieleza yote, hata lile la kusikilizwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivuta shati langu la kazi, akalikunja, akalikunjua.

"Kwa hiyo siri zake umemtunzia," alisema, "zetu ukampa."

Nimekuwa natafuta jinsi ya kulisema jambo hili tangu nianze kuwasimulia, na yeye alilisema akiwa amesimama na shati mkononi.

"Nitasema Jumamosi kikaoni," nilimwambia. "Mzee Breki hana kosa."

"Na kaka yangu?"

Hapo ndipo ukuta ulipokuwa.

Hakuna dereva anayeingia kituoni kwetu bila mdhamini, na mdhamini huanguka na aliyemdhamini. Ndiyo sheria. Aliyenidhamini mimi ni shemeji. Nikitamka kwamba msaliti ni mimi, Mwenyekiti anavuliwa uenyekiti hapo hapo, na Jumatatu tunaingia mbele ya Kamati hatuna kichwa.

"Nani ataongea badala yake?" aliuliza mke wangu. "Redio? Atawasimulia mpira mpaka wafunge kikao."

"Najua."

"Kituo kizima kitakosa mtetezi kwa ajili ya mdomo wako, Baba watoto. Mdomo ambao hata mimi nyumbani huwa nauomba."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee Breki ndiye aliyenipeleka kujifungua mtoto wetu wa kwanza, wewe ukiwa umempeleka abiria mbali. Unakumbuka? Alikanyaga breki njia nzima. Nilimtukana, akawa anasema, pole, binti yangu, pole, kuna shimo."

"Nakumbuka."

"Basi usiniulize mimi. Ukisema, unamwangusha kaka yangu. Usiposema, sijui nitakutazamaje ukila."

Akaishika pasi. Ilikuwa imepoa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Breki. Nilikuwa nimeshawauliza wote isipokuwa yeye, na mchunguzi asipomhoji mshukiwa watu watauliza kwa nini. Nilimkuta uwanjani, ameinamia taa ya mbele ya teksi yake na kitambaa.

"Karibu, mwanangu. Uliza tu. Mjumbe hauawi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uliza."

"Lile jambo la hospitali. Ulimwambia nani?"

Aliifuta taa. Alipofika mwisho akaanza tena palepale.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Wewe waambie unavyoona."

"Mimi naona si wewe."

"Unaonaje hivyo?"

Hapo lango la kukiri lilikuwa wazi, nami nilikuwa nimebakiza kuingia tu. Nilivuta pumzi. Mlango wa nyumba ndogo ukafunguka na mwanawe akatoka, funguo za gari mkononi.

"Huyu naye ametumwa?" aliuliza. "Baba, wanakuhoji kama mwizi kwa ajili yangu?"

"Msalimie mgeni kwanza."

"Shikamoo. Wewe ndiye Kimya, si ndiyo? Basi waambie wenzako. Mimi nikikataa safari, programu inanifungia. Nikiugua, inanifungia. Sina ofisi ya kwenda kulia. Kampuni hainijui hata sura, mimi ni kidoti kwenye ramani. Leo inikalishe chini iniulize siri za kituo chenu?"

"Ingia ndani," Mzee Breki alisema.

"Baba, nasema kweli."

"Nimesema ingia ndani."

Aliingia. Mzee alibaki anautazama ule mlango uliofungwa, na usoni hakuwa na hasira. Nilidhani ni uchovu.

Nilikikumbuka kile kibandiko alichonionyesha Asante. Huyu kijana na mimi tulikuwa tumefungwa kamba moja, kila mmoja kwa fundo lake. Yeye hawezi kukataa safari, nami siwezi kumkataa abiria.

"Mzee," nilisema, "kesho kikaoni nitausema ukweli wote. Namba yako haitaguswa."

Alinishika bega. "Wewe mtu mwema," alisema. "Usijitwishe mizigo ya wenzako."

Niliondoka nimeamua. Nilipofika kituoni Redio aliniambia Asante alikuja kuniulizia, akakuta sipo, akasema atarudi. "Anakupenda kweli yule bwana," alisema. "Angekuwa mwanamke ningemwambia dada yetu, mkeo." Usiku huo nilimwambia mke wangu nilichoamua. Alisema, "Haya," neno moja, akageukia ukutani.

Jumamosi tulikaa kwenye chumba cha nyuma cha fundi matairi, ndipo tunapokaa siku zote. Waliowahi walikalia benchi, wengine matairi. Kando ya mlango palikuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi. Hakuna aliyeuliza ni vya nini. Mzee Breki alikaa karibu navyo, kofia magotini.

"Wiki hii nimepata habari njema," Mwenyekiti alianza. "Wajumbe watatusikiliza kabla ya kampuni, siyo baada yao. Tukiongea vizuri, kifungu cha ukaguzi kinabaki ndani ya muswada. Kikibaki, na wao watapita tunapopita. Kwa hiyo leo tusafishe nyumba, Jumatatu tutoke safi. Kimya, tueleze ulichokiona."

Nilisimama. Nilishika ukingo wa meza kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi.

"Nimemjua," nilisema.

Watu wakatulia hadi ukasikia pampu ya fundi ikipumua chumba cha mbele.

"Paza sauti!" mtu akasema nyuma.

"Nimemjua aliyetoa siri. Lakini kabla sijamtaja, naomba mjue hakukusudia."

"Huwa hawakusudii!" Redio alidakia. "Taja!"

"Hakulipwa. Hakujua anaongea na nani. Aliongea tu, kama tunavyoongea sote, na..."

"Mbona unazunguka? Taja jina, bwana!"

"Ni mtu mnayemwamini. Ni mtu ambaye..."

Niliikata sentensi nikaanza upya, na katika kuanza huko benchi likatoa mlio nyuma.

"Kaa, mwanangu." Mzee Breki alikuwa amesimama. "Inakuuma kunitaja. Naiona inakuuma. Nitajitaja mwenyewe."

"Mzee, hapana, si..."

"Niache niseme nikiwa na nguvu." Aliigeuza kofia mikononi. "Nilimwambia mwanangu. Tulikuwa mezani, tunakula. Nilimwambia ili siku ile asipite njia ya hospitali, asije akakutana nanyi mkagombana. Basi. Nilitaka amani tu. Yeye anakana kulifikisha neno hilo kwa wakubwa zake, na mimi ni baba yake, ningependa kumwamini. Lakini kama si yeye, ni nani? Mdomo ulikuwa wangu. Yeye msimwandame. Namba pakeni."

Hakuna aliyecheka. Redio, aliyekuwa ametaka jina kuliko wote, aliinamisha kichwa kama aliyemwagiwa maji.

"Mzee wangu," alisema polepole, "mimi nilikuwa naongea tu."

"Najua, mwanangu. Wewe huongea tu."

Mzee Breki akaokota kopo na brashi mwenyewe. "Twende," alimwambia Redio. "Nitakushikia kopo, usije ukauharibu mstari wa njano."

Wakatoka. Watu wakaanza kuinuka, kimya kimya, kama wanaotoka kwenye msiba. Mmoja akasema angalau yamekwisha. Mwingine akasema mzee wa watu.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, mikono mezani, jina langu limejaa mdomoni.

"Ngojeni," nilisema.

Sauti yangu, mnaijua. Aliyekuwa karibu ndiye aliyesikia, na aliyekuwa karibu ni Mwenyekiti.

"Kaa chini, shemeji," alisema.

"Si yeye. Mwenyekiti, waite warudi. Si yeye, ni..."

Alisogea hadi tumbo lake likanigusa, akanizuia nisionekane na waliobaki. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ya chini. Siku hiyo alinong'ona, na mnong'ono wake ulifanana na wangu.

"Najua ni nani," alisema. "Dada yangu alikuja kwangu asubuhi analia. Aliniambia kila kitu."

Nilimtazama. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye naye ametoka kulia.

"Ulijua," nilisema, "ukamwacha asimame?"

"Kaa chini. Mpaka Jumatatu tu."

Nje, Mzee Breki alikuwa anamwambia Redio aanzie juu ashuke chini, rangi isichirizike. Magoti yangu yalikuwa yamekunjika nusu. Nilikuwa sijakaa, sijasimama.